Walimu Watatu, Ramani Moja

Ukuta mmoja wa tofali za kuchoma pale Songea una wenyewe wengi. Mwashi anautazama kwa timazi na kamba. Seremala anawaza mtambaapanya atakaoulaza juu yake, kwa kuwa kenchi zake zitafuata usawa au upogo wa ukuta huo. Fundi umeme anauliza nyaya zitapita wapi kabla lipu haijapigwa. Msanifu naye, akiwa makini, anawaza jua la asubuhi litakaloingia ndani wakati wa ubaridi wa Juni na Julai, na mvua za Desemba hadi Aprili zitaupiga upande upi. Kijana aliyefundishwa na mmoja tu kati ya hao ameujua ukuta nusunusu.

Kuna ufundi ambao hatuusifu vya kutosha: walimu wa fani mbalimbali kufundisha kazi moja kwa pamoja, mbele ya wanafunzi walewale. Kupokezana vipindi, huyu Jumatatu na yule Jumatano, hakutoshi. Nasifu ile meza ya kuchorea inayozungukwa na msanifu, mhandisi na fundi, wote wameinamia karatasi ya mwanafunzi mmoja, naye anawasikia wakibishana.

Tuseme amechora sebule yenye uwazi mpana usio na nguzo katikati. Msanifu anafurahia mwanga. Mhandisi anauliza lenta hiyo itabebwa na nini, na nondo za unene gani. Fundi, ambaye ndiye atakayesimama juu ya jukwaa la miti, anauliza mbao za kumwagia zege zitapatikana wapi, na fremu zitakaa siku ngapi kabla ya kuondolewa. Kila mmoja ana haki yake. Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kusanifu kwa kweli, maana inambidi atafute jibu ambalo hakuna hata mmoja wa walimu wake aliyekuja nalo.

Kazi hiyo inamdai mwalimu moyo mkubwa. Lazima akubali kupingwa hadharani na mwenzake, na bado kesho waingie darasani pamoja. Wengi tumelelewa kuamini kwamba mwalimu akipingwa mbele ya wanafunzi amevunjiwa heshima. Mimi naona kinyume chake: mwanafunzi aliyewaona wakubwa wawili wakibishana kwa adabu juu ya lenta amepewa somo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Huko Weimar, Ujerumani, shule ya Bauhaus iliyoanzishwa na Walter Gropius mwaka 1919 ililitia jambo hili katika utaratibu. Karakana ilikuwa na walimu wawili, mmoja wa umbo, aghalabu msanii, na mwingine bingwa wa kazi ya mikono. Lakini mafundi hawakuwa na kauli sawa na wasanii katika baraza la shule, na hilo lilikuwa kasoro. Huwezi kumkalisha mtu mezani kisha ukamnyima kauli.

Kwetu Ruvuma mbegu ipo zamani. Wabenediktini walifika Peramiho, magharibi mwa Songea mjini, mwaka 1898. Vita vya Maji Maji viliiunguza misheni hiyo mwaka 1905, ikabidi ijengwe upya. Kwa miongo mingi uashi, useremala na fani nyingine zimekaa pale jirani kwa jirani, na vijana wa mkoa huu wamezisomea hapo. Ujirani huo wenyewe ni mwalimu. Seremala anapotengeneza fremu ya dirisha na mwashi yuko hatua chache tu, kosa la sentimita mbili halina pa kujificha.

Hata Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli, lafaa kusomwa kwa jicho hili. Miavuli yake ya zege ni sura ya jengo na ndiyo paa lake pia. Huwezi kuutenga mstari wa msanifu na hesabu ya mhandisi, wala kuusahau mkono uliozipanga mbao za kumwagia zege ile. Mwanafunzi asimame chini yake na walimu watatu, si mmoja.

Katika kundi kama hilo, fundi huelekea kunyamaza. Ameketi kati ya wenye shahada, anasubiri aulizwe, na asipoulizwa anaondoka na maarifa yake. Kwa hiyo aanze yeye kusema, kabla ya mhandisi na kabla ya msanifu.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ufundi vya Songea, na kwa vyuo vikuu vinavyowaleta vijana wao huku kwa mafunzo ya vitendo. Mwalikeni fundi mwashi wa Lizaboni au wa Mfaranyaki kwenye jopo la kupima kazi za wanafunzi. Mlipeni kama mnavyowalipa wengine. Na mpeni naye fomu ya kutolea alama.