Kezilahabi hakufika Mchuchuma

Kuna ubishi usioisha vijiweni wala mitandaoni: umaskini utaondolewa na soko au na serikali? Mmoja atasema waachieni wenye mitaji wafanye biashara, riziki itawafikia wote. Mwingine atajibu kwamba bila dola kuingia kati, mnyonge ataliwa mzima mzima. Katika riwaya zetu, nadhani hakuna aliyeuhangaikia ubishi huu kama Euphrase Kezilahabi.

Kwenye Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anatapanya urithi kwa anasa, kisha anageuka mkulima tajiri mwenye vibarua, hadi sera ya ujamaa inapomfuata shambani. Mwisho wake ni mauaji na adhabu ya kifo. Kwenye Gamba la Nyoka (1979), vijana wasomi wawili, Mamboleo na Mambosasa, wanakutana na vijiji vya ujamaa vinavyoundwa kwa amri, na wanakijiji wanaogoma kuhamishwa.

Wengi husoma riwaya hizi kama kesi mbili: ya kwanza inamshtaki bepari, ya pili inaishtaki serikali. Usomaji huo, kwa kweli, unampunja mwandishi. Kwangu mimi, swali lake ni lilelile kotekote: nani anaamua, na nani anaubeba uamuzi?

Swali hilo tulipeleke Ludewa, mkoani Njombe. Mchuchuma kuna makaa ya mawe zaidi ya tani milioni 400, na Liganga kuna chuma. Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liliingia ubia na kampuni ya China, Sichuan Hongda: asilimia 80 za mwekezaji, 20 za shirika. Ilipangwa kuwe na migodi, umeme wa megawati 600 na kiwanda cha chuma. Hapo soko na serikali hawagombani jamani, wamekaa meza moja na kutia saini. Fidia ya wananchi, zaidi ya shilingi bilioni 15, ilikuja kutolewa mwaka 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 12.

Sasa jiulize, mtu aliyeambiwa shamba lake litachukuliwa atapanda nini? Mti wa mbao unataka miaka. Parachichi nalo linataka miaka. Ajenge nyumba ya tofali, au aendelee kuziba pale panapovuja? Huo ni umaskini wa kusubiri, na Kezilahabi hakuuandika. Kwake migogoro hulipuka: watu wanagoma, wanapigana, wanauana. Anayesubiri barua kutoka ofisini hana mahali katika hadithi ya namna hiyo.

Msinielewe vibaya, sisemi dola ijitoe. Nenda Makambako, pale barabara kuu inapokutana na TAZARA. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, baada ya wakopeshaji wa Magharibi kuona hailipi. Tungelisubiri soko pekee, tungekuwa tunasubiri mpaka leo. Lakini mbao, viazi na parachichi za Njombe zinawafikia walaji kwa sababu mfanyabiashara ameona faida, hakungoja amri ya mtu. Kila upande una kazi yake. Mchuchuma inaniambia kwamba balaa huanza serikali inapokuwa mbia kwanza, mlinzi wa raia baadaye.

Ndiyo maana naona riwaya ya Mchuchuma bado haijaandikwa, na haitaandikwa kwa kumuiga Kezilahabi. Inataka mwandishi mwenye subira: aandike mikutano ya kijiji, mthamini anayehesabu migomba, mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba na kufika darasa la tano kabla mama yake hajalipwa. Hakuna haja ya kumuua mtu ukurasa wa mwisho. Miaka yenyewe inatosha kutuonyesha kilichopotea.