Picha ya Mtaa Inayosomeka: Mwongozo wa Kuzitambua Picha Bora za Mji Mkongwe

Picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimetapakaa kila mahali: kwenye kuta za hoteli, kwenye kalenda, kwenye simu zetu. Zinazopendeza ni nyingi, maana mji wenyewe ni mzuri na humbeba hata mpiga picha mvivu. Zilizo bora ni chache, nazo zina sifa moja: zinasomeka. Mtu ambaye hajawahi kufika Unguja akizitazama ataweza kusema ukuta umejengwa kwa nini, picha ilipigwa saa ngapi, na watu wa pale wanaishi vipi na majengo yao. Picha isiyojibu maswali hayo ni pambo tu, hata rangi zake ziwe nzuri kiasi gani.

Ukuta

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa hunywa unyevu, hubanduka, hupakwa tena, na kila mkono uliopita huacha alama. Kwa hiyo jicho lako litue kwanza kwenye sehemu nyeupe ya picha. Ikiwa weupe ni mtupu kama karatasi, mwanga umezidi na ukuta umepotea. Katika picha bora, weupe una mwili: unaona mapito ya brashi, nyufa, na pale plasta ilipodondoka, jiwe la tumbawe na matundu yake. Halafu nenda kwenye kivuli cheusi kabisa. Mle nako pawe na kitu cha kuona, angalau ukingo wa ngazi au nondo za dirisha.

Baada ya hapo tazama mistari. Kamera ikielekezwa juu, kuta huinamiana kana kwamba nyumba inaanguka kwa nyuma. Wengi hurekebisha kwa programu mpaka kila kitu kinyooke, na hapo huingia kosa la pili, kwa sababu kuta za mji huu nyingine zimepinda kweli na nyingine zimeota tumbo. Utajuaje kipi ni cha kweli? Watazame watu waliosimama pembeni mwa picha. Wakiwa wima na ukuta umeinama, ukuta ndio ulivyo. Wakiinama nao, ni kamera. Mpiga picha hodari hurudi nyuma hadi kamera yake ikae sawa. Kichochoro kikimnyima nafasi, huomba ruhusa apande ghorofa ya nyumba inayotazamana. Akikosa na hiyo, hupiga kipande kimoja cha jengo akakimaliza.

Mwanga

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua hupanda upesi na kushuka upesi, kwa hiyo mwanga wa ubavuni unaochora umbo la vitu ni wa muda mfupi asubuhi na jioni. Kipimo chake ni mlango wa kuchonga. Sogea karibu na picha, utazame miimo. Mara nyingi kuna mnyororo uliochongwa kuuzunguka mlango, maua ya yungiyungi, na chini kabisa samaki au mawimbi. Mwanga ukitoka ubavuni, kila pete ya mnyororo huwa na upande unaong'aa na upande wenye kivuli, na misumari ya shaba kwenye mbao huangusha vivuli virefu vinavyolala upande mmoja. Karibu uhisi kina cha patasi kwa kidole. Mlango huohuo ukipigwa kwa flashi kutoka mbele, nakshi zote hulala bapa.

Angalia pia kama mlango umeachiwa kichwa chake. Milango mingi ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na ile ya mtindo wa Kihindi hupindwa upinde. Juu hapo ndipo wakati mwingine huandikwa aya ya Qur'ani au mwaka. Anayekata kizingiti ili misumari ionekane kubwa amekata utambulisho wa nyumba.

Ndani ya vichochoro, wajuzi hawalisubiri jua limulike chini. Hungoja saa tatu au saa nne, jua linapogonga sehemu ya juu ya ukuta mmoja na mwanga wake ukarudi taratibu upande wa pili. Picha ya saa hiyo utaijua: nyuso hazina vivuli vikali, na weupe una joto kidogo bila kugeuka njano.

Watu

Baraza lipo ili watu walikalie. Mtaa usio na mtu hata mmoja unaweza kuwa kazi nzuri ya kumbukumbu ya ujenzi, lakini hauonyeshi baraza ni la nini. Tafuta watu wanaofanya jambo lao: wazee na vikombe vya kahawa pale Jaws Corner, muuza samaki na baiskeli yake, mtoto anayetoka chuoni. Angalia macho yao. Aliyesalimiwa na kuombwa ruhusa huonekana ametulia; aliyeviziwa hukunja uso au hugeuka. Mwanamke wa buibui anayepigwa kwa nyuma ili awe doa jeusi kwenye ukuta mweupe amefanywa pambo la nyumba ya watu. Picha ya namna hiyo siisifu, hata mpangilio wake uwe safi vipi.

Tarehe

Picha ya jengo ni ushahidi, na ushahidi unataka tarehe. Chukua Beit-al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Picha inayoonyesha mnara umesimama peke yake mbele ya jumba ni ya kabla ya Waingereza kupiga mizinga mwezi Agosti 1896. Yenye mnara wa saa ulioshikamana na jumba ni ya baada ya hapo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka pamoja na mnara huo, na tangu siku ile kila picha iliyowahi kuonyesha wazi nguzo, roshani na maungio yake imepanda thamani. Fundi anayejenga upya hasaidiwi na machweo. Anasaidiwa na picha kali kila pembe, yenye mwaka.

Ndiyo maana kazi za studio za zamani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zinastahili kutazamwa kwa makini na kila anayejifunza. Hazina rangi, lakini ukuta unasomeka, saa inasomeka, watu wanasomeka.

Basi ukichagua picha dukani, au ukichambua zako usiku, usianze na ile iliyokuvutia kwanza. Panga kadhaa pamoja, uzipitishe kwenye ukuta, mwanga na watu, kisha ugeuze nyuma utafute mtaa na tarehe. Zikikosekana kwenye zako, ziandike leo, wakati bado unakumbuka na nyumba bado imesimama.