Mkuki wa Shakespeare na wauza maana

Kuna biashara inayostawi sana mtandaoni: unaandika jina la ukoo, hasa la Kiingereza, Kiayalandi au Kijerumani, unapewa ngao. Simba, msalaba, rangi mbili tatu, na chini yake orodha ya maana. Dhahabu eti ni ukarimu. Nyekundu ni ushujaa. Mkuki ni utayari wa vita. Ukilipa, wanakuchapia kwenye kikombe. Mimi naisoma orodha hiyo kama uhakiki wa fasihi, maana ndivyo ilivyo: mtu anachukua ishara, anatuambia inasema nini. Na nasema ni uhakiki mbovu.

Tuanze na sheria yenyewe. Uingereza hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, kwa hati, kupitia wasajili wa College of Arms, taasisi iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1484. Toka kwa mtu huyo kimsingi inarithiwa kwa upande wa wana wa kiume. Watu wawili wanaweza kuitwa jina moja, mmoja ana nembo na mwingine hana kitu. Na hizo orodha za "rangi hii maana yake hii"? Nyingi ni mapambo ya waandishi waliokuja baadaye. Mara nyingi rangi ilichaguliwa kwa sababu ilionekana vizuri kwa mbali, au kwa sababu jirani hakuwa nayo.

Chukua nembo ninayoipenda kuliko zote, ya kina Shakespeare. Ni ngao ya dhahabu, imekatizwa mshazari na mstari mpana mweusi, na juu ya mstari huo umelala mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu ya ngao amesimama kipanga mweupe, mabawa wazi, naye ameshika mkuki. Muuza vikombe atakwambia ni ukoo wa wapiganaji. Wapi! John Shakespeare, baba yake William, alikuwa fundi wa glavu mjini Stratford. Mkuki uko pale kwa sababu moja tu: jina lao ukilipasua linakuwa "tikisa mkuki". Ni mchezo wa maneno. Nembo za namna hii zilikuwa nyingi, na Wafaransa waliziita nembo zinazosema, kwa kuwa zinatamka jina la mwenyewe.

Hapo ndipo naona ugonjwa tunaoujua vizuri sisi tuliosoma fasihi darasani. Mwanafunzi anafundishwa kwamba giza ni uovu, mvua ni neema, nyekundu ni damu. Akifika kwenye shairi anatoa kamusi yake ya mfukoni na kazi imeisha. Swali la nani anasema, anamwambia nani, na anataka nini halijaulizwa kabisa. Nembo ya Shakespeare ukiisoma kwa kamusi hupati kitu. Ukiisoma kwa maswali hayo, unakuta hadithi nzima.

Nani anasema? Kwenye karatasi, ni John. Mwaka 1568 alikuwa mkuu wa mji wa Stratford. Miaka ya 1570 mambo yakamwendea kombo; akaacha kuhudhuria vikao vya baraza, akaandamwa na madeni. Kisha tarehe 20 Oktoba 1596 msajili mkuu William Dethick anaandika rasimu ya kumpa nembo. Fedha zimetoka wapi? Wasomi wengi wanaamini ni za mwanawe, aliyekuwa anachuma kwenye michezo ya kuigiza London. Yaani mwana anamnunulia baba heshima, ili yeye mwenyewe ahesabike mtoto wa muungwana.

Kwenye rasimu hiyo kuna kaulimbiu kwa Kifaransa cha kizamani: Si bila haki. Karani aliiandika kwanza na koma, ikasomeka "Hapana, bila haki". Akaikata. Akaiandika tena, koma bado ipo. Mara ya tatu, kwa herufi kubwa, ndipo koma ikaondoka. Mie sijui hadithi fupi iliyo kali kuliko koma hiyo. Tofauti kati ya anayestahili na anayejidai ilikuwa alama moja ya wino.

Sasa angalia tarehe tena. Hamnet, mwana pekee wa kiume wa William, alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, akiwa na miaka 11. Nembo ilikuja wiki kumi baadaye. Kitu kinachorithiwa na wana wa kiume kimefika kwenye nyumba ambayo mrithi wake ameshazikwa. Hakuna orodha ya maana ya rangi inayoweza kukupa hilo, kwa sababu halimo kwenye ngao. Limo kwenye kalenda.

Halafu wakaja wenye kucheka. Mwaka 1599 kundi la Shakespeare mwenyewe liliigiza tamthilia ya Ben Jonson ambamo mshamba mmoja, Sogliardo, anajigamba kwamba amenunua nembo kwa pauni 30. Nembo yake ina nguruwe asiye na kichwa, na rafiki zake wanamdhihaki: kaulimbiu iwe ya haradali. Wahakiki wengi wanasikia humo utani kwa Shakespeare. Mwaka 1602 Ralph Brooke, msajili mwingine, akamshtaki Dethick kwamba anagawa nembo kwa watu wa chini, na katika orodha yake yumo Shakespeare, ametajwa kwa kazi yake: mwigizaji. Dethick na mwenzake William Camden walijibu kwamba John alishika madaraka mjini kwake, na kwamba huo mkuki unatosha kuitofautisha ngao yake na nyingine iliyofanana nayo. Ona basi, kazi ya mkuki mbele ya wakubwa ilikuwa kutofautisha. Ushujaa haukutajwa.

Je, Shakespeare alijichukulia kwa uzito wote huo? Soma tamthilia zake. Merry Wives of Windsor inafunguka na hakimu mzee anayejivunia samaki kwenye nembo yake, na kasisi wa Wales anamchanganyia samaki hao na chawa. Kwenye Winter's Tale, mtoto wa mchunga kondoo anapandishwa cheo ghafla, anatembea akijinadi kwamba yeye ni muungwana wa kuzaliwa, tena alizaliwa muungwana kabla ya baba yake. Watu hucheka, na ni haki yao. Ila mimi nikikumbuka ile rasimu ya 1596 kicheko kinanikwama. Aliyeandika mzaha huo alikuwa mtoto aliyemfanya baba yake muungwana.

Nimetumia neno muungwana makusudi. Sisi tuliomfahamu Shakespeare kupitia Juliasi Kaizari wa Nyerere tunalo neno linalobeba ugomvi uleule. Kwa zamani kwenye pwani yetu muungwana ni aliyezaliwa huru, si mtumwa; leo ni mtu mwenye adabu. Kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili kuna watu wengi waliodai nafasi ambayo wengine walisema si yao. Mfasiri atakayeileta Winter's Tale kwa Kiswahili ameshawekewa kazi nusu mezani.

Mjukuu wa mwisho wa Shakespeare, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto, na kizazi chake kikaishia hapo. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni kikombe cha "nembo ya ukoo wa Shakespeare", pamoja na maelezo kwamba mkuki ni ishara ya ushujaa, ujue unauziwa kitu ambacho mwenyewe hakupata wa kumwachia. Hela hiyo nunulia Winter's Tale. Kile kipande cha muungwana wa kuzaliwa kiko kwenye tendo la tano, onyesho la pili.