Neno «Marumaru» na Mawe ya Nyumbani

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Iringa, na hata huku kwetu Kilolo, neno marumaru limetanuliwa mno. Kigae cha udongo kilichochomwa kiwandani huitwa marumaru; jiwe la Songwe huitwa marumaru; na itale lililosuguliwa hata kung'aa, nalo vile vile. Sisemi kwamba neno lisikue, maana maneno yote hukua. Nalilaumu neno hili kwa kuwa limemnyang'anya mnunuzi swali lililompasa kuuliza: jiwe hili latoka wapi?

Marumaru yenyewe ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na uzito chini ya ardhi. Jiwe la Songwe, upande wa Mbeya, si hilo: lilijengwa na maji ya chemchemi za moto, tabaka juu ya tabaka, na kwa hiyo lina mistari ya rangi ya maziwa na kahawia, na vitundu vidogo vidogo. Ukutani sebuleni hupendeza sana. Lakini nalo ni la ukoo wa chokaa, na maji ya ndimu hulila. Itale la nyanda zetu liliganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka; ndimu haliiogopi.

Ndugu yangu mmoja wa wilaya hii aliuza milingoti aliyoitunza miaka kumi, akajenga. Muuzaji alimwambia kwamba marumaru haidhuriki, akaweka jiwe la Songwe juu ya meza ya jikoni. Haikupita miezi mitatu, mahali pakatiwapo ndimu na nyanya pamefanya makovu yasiyotoka kwa sabuni. Nilipowatembelea, mama wa nyumba alikuwa amepatandika kitambaa, kwa haya. Na msingi wa nyumba ile ile ni itale tupu!

Watu wa pwani hawakuchanganya hivi. Matumbawe laini waliyakata baharini, wakayachonga yangali mabichi, yakawa miimo ya milango na vibla. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyo magumu na yenye mashimo, waliyajengea kuta nene, kisha wakazipaka chokaa. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamechongwa katika matumbawe, na mpaka leo yasomeka. Zidaka za Lamu ni uzuri wa chokaa na matumbawe. Anayetaka zidaka za namna ile katika itale la Kilolo atamaliza patasi zake bure. Itale lataka uso mpana, na mwanga wa dirisha uliangukie.

Wahehe nao husema liganga, na mahali pametajwa kwa mawe yake: Gangilonga, jiwe lisemalo, Tosamaganga, tupa mawe.

Mtu ataniambia kwamba neno la dukani limekwisha kukaa, halitolewi. Na likae, bali liongezwe mahali: marumaru ya Songwe, marumaru ya kigae. Na mnunuzi aombe kipande kilichokatika, akidondoshee ndimu, akiache usiku kucha, ndipo atoe fedha.

Ndugu yangu amekwisha kuwaita mafundi. Vipande vitakavyobanduka vizima vitapandishwa ukutani sebuleni, na jikoni litawekwa itale.