Kahe haikuhitaji mrashia

Aliyewahi kuteremka kutoka Moshi hadi stesheni ya Kahe hahitaji kuelezwa mrashia ni nini. Hali ya kule inajulikana: jua kali, vumbi, udongo wenye chumvi, mifugo mingi na kuni za kutafuta mbali. Kutafuta mti wa kuotesha pale lilikuwa jambo la halali. Kosa liko kwenye mti uliochaguliwa. Kwa vigezo vya kitalu, mrashia, ambao Wakenya wanauita mathenge, unashinda kirahisi. Unakua upesi, unastahimili ukame na chumvi, kuni zake zina moto mkali na maganda yake ni matamu kwa mbuzi. Lakini kila sifa iliyoupa alama kitaluni ndiyo iliyoutorosha. Ganda tamu huliwa, mbegu yenye gamba gumu hupita tumboni ikiwa hai, kisha huangushwa na samadi yake mbali na mti mama. Kuuleta mti wa namna hiyo kwa wafugaji ni kuajiri kila ng'ombe awe mpanzi. Tena mizizi yake hufuata maji ya ardhini, na Kahe inategemea chemchemi, hata msitu wake unasimama kwa maji hayohayo. Watafiti waliopima Afar, Ethiopia, walikadiria kwamba mathenge hunywa takriban mita za ujazo bilioni 3 kwa mwaka.

Watetezi wa mrashia husema ulipopandwa madhara yake yalikuwa hayajajulikana. Ni kweli kwamba Baringo, ulikopandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa FAO, kilio kilifika mahakamani Nairobi mwaka 2006 tu, pale Wailchamus walipompeleka mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda hayo. Lakini mwaka 1987 Afrika Kusini ilikuwa tayari inaachia mbawakawa wa kula mbegu za mti huu. Nchi haihangaiki kuagiza wadudu ng'ambo kwa ajili ya mti usioisumbua. Kuna pingamizi zito zaidi: mgunga nao una maganda, huliwa na mifugo na husambazwa vilevile. Sawa, ila mbegu za mgunga hutobolewa kwa wingi na fukusi waliozoeana nazo tangu zamani, wakati mrashia ulifika bila adui wake hata mmoja. Isitoshe, mgunga aina ya Faidherbia albida hupukutisha majani masika, ukaliachia zao jua na kulirutubishia udongo. Jibu lilikuwa limesimama palepale bondeni.

Sina ugomvi na mimea ya kigeni kwa sababu ya ugeni wake. Mgomba asili yake ni Asia, lakini hauna mbegu na hautoki kihambani bila mkono wa mtu. Wazee wa Kichagga walilijua hilo: waliupokea, wakauweka chini ya mruka na mringaringa, wakabaki na msesewe wa mbege na masale ya mpaka. Kizazi kilichofuata kikajaza migrivea, na safu hii haitachoka kulalamikia hilo, ingawa mgrivea angalau haukufukuza mtu shambani kwake. Hata anayetaka mti wa haraka ana mfano wa Rene Haller, aliyeanza mwaka 1971 kufufua machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa. Alitanguliza mvinje, majongoo wakasaga majani yake hadi udongo ukapatikana, ndipo miti mingine ikaingia. Mvinje ulipewa kazi maalumu.

Siku hizi tunaambiwa tuutumie mrashia kwa mkaa hadi uishe. Mkaa wake ni mzuri, sikatai, lakini mchoma mkaa huchukua shina nene na kuacha kisiki, nacho huchipua mashina mengi kuliko ya awali. Zaidi ya hapo, anayeishi kwa mkaa huo hana sababu ya kutaka mti uishe. Kisiki king'olewe hadi chini ya shingo ya mzizi, mifugo izuiwe wakati maganda yameiva, na pengo lipandwe migunga msimu huohuo. Likiachwa wazi, mbegu zilizolala udongoni zitalijaza masika yanayofuata.