Nakala Itoke Kwanza Ndani ya Mashine Pepe, Kisha Itoke Goma

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Constant Ndima, aliwaamuru wakazi wa mitaa kumi ya Goma wahame mara moja. Watu wakashika njia ya Sake, Minova na Rwanda, kila mmoja na alichoweza kubeba. Mwenye duka la dawa au mhasibu wa shirika dogo anayefanya kazi Goma hana budi kujiuliza: hesabu zangu zote zinaingia mfukoni?

Tuchukue mpangilio wa kawaida. Kompyuta mwenyeji inaendesha Windows. Ndani yake, kwa VirtualBox, kuna mashine pepe ya Debian yenye hifadhidata ya MariaDB. Wengi hunakili tu lile faili kubwa la diski pepe na kuona kazi imekwisha. Mimi sioni hivyo. Faili hilo huvimba kadiri unavyoandika, wala halipungui lenyewe ukifuta vitu. Ukilinakili mashine ikiwa inaendelea na kazi, unaweza kupata diski iliyovurugika. Picha ya hali inayohifadhiwa na VirtualBox nayo si akiba: inategemea diski mama iliyo kwenye kompyuta ileile.

Kinachotakiwa ni data yenyewe. Usiguse mafaili ya hifadhidata iliyo wazi. Amuru mysqldump, pamoja na chaguo la --single-transaction kama majedwali ni ya InnoDB, ikuandalie faili moja la maandishi lenye hali ya wakati mmoja. Kisha tar ikusanye faili hilo na nyaraka nyingine kwenye furushi moja lililobanwa.

Kulitoa furushi hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni folda ya pamoja. Unasakinisha Guest Additions, unamwingiza mtumiaji kwenye kundi la vboxsf, na folda inaonekana chini ya /media. Ni rahisi, ila ina mitego. Umiliki na ruhusa za mafaili hazihifadhiwi humo, kwa hiyo rsync yenye chaguo la -a italalamika. Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili, basi akiba uliyoipa jina lenye saa 10:30 haipiti. Ripoti.odt na ripoti.odt, ambayo Debian huyaona kuwa mafaili mawili, Windows kwa kawaida huyachukua kuwa moja. Furushi la tar linakuepusha na karibu yote haya, mradi jina lake lenyewe liwe safi. Linalobaki ni kwamba programu hasidi ikiingia Debian, inaweza kuandika juu ya akiba zako pia.

Ndiyo maana naipendelea njia ya pili: mwenyeji avute. Katika mtandao wa NAT, elekeza mlango 2222 wa mwenyeji kwenye mlango 22 wa mashine pepe, kisha Windows ilichukue furushi kwa scp. Usijaribu kulipitisha kwa alama ya > katika PowerShell ya zamani; huigeuza data kuwa maandishi na furushi linaharibika. Na kwa kuwa umeme hukatika wakati wowote, nakili kwa jina la muda, linganisha sha256sum pande zote mbili, ndipo ubadilishe jina. Faili lenye jina la mwisho litakuwa zima.

Hapo bado uko kwenye diski moja. Mashine pepe na mwenyeji wake huungua pamoja na huibwa pamoja. Nakala ya tatu iende kwenye diski ndogo ya nje, imefungwa kwa gpg, kwa sababu mizigo hupekuliwa njiani. Na nyingine ivuke ziwa kwa boti hadi kwa mtu wa kuaminika Bukavu. Nenosiri lisisafiri na diski.

Mara kwa mara, fungua akiba hiyo kwenye mashine pepe tupu. Ikikataa kusomeka, angalia mstari wa kwanza: tangu Mei 2024 matoleo mapya ya MariaDB huweka hapo agizo la usalama lenye maneno «sandbox mode», ambalo programu za zamani hazilielewi. Futa mstari huo tu, ujaribu tena.