Kasha la diski kwa nyumba ya Mtambile

Kasha zuri la diski halijulikani kwa taa zake wala kwa maandishi ya kwenye boksi. Linajulikana kwa namna linavyoupokea umeme, na kwa namna litakavyokuachia diski zako siku lenyewe litakapokufa. Kasi, rangi na idadi ya nafasi vinafuata nyuma ya hayo mawili.

Nasema hivi nikizifikiria nyumba za Mtambile, kisiwani Pemba, kandokando ya barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani. Ndani yake mna kumbukumbu nyingi kuliko wenyewe wanavyodhani: mikanda ya harusi za zamani, kaseti za taarabu na maulidi zilizohamishiwa kwenye kompyuta, mawaidha ya masheikh waliokwishatangulia mbele ya haki, hati za mashamba ya mikarafuu zilizopigwa picha kwa simu, picha za watoto walioko Muscat. Vitu hivi huanzia kwenye flashi, vikahamia kwenye diski ndogo ya mfukoni, kisha ya pili na ya tatu, hata mwisho hakuna mtu nyumbani ajuaye kipi kiko wapi. Hapo ndipo linapohitajika kasha: sanduku moja lenye nafasi za diski mbili, nne au tano, lenye umeme wake, linaloungwa na kompyuta kwa kebo moja ya USB.

Ukubwa wa haja upimwe kwa hesabu. Mkanda mdogo wa MiniDV wa saa moja, ukihamishwa kama ulivyo, unachukua gigabaiti 13 hivi. Mikanda 100 ni terabaiti 1.3, basi, diski moja ya leo inaimeza na kubakiwa na nafasi. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde ni habari nyingine: gigabaiti 45 kwa saa, na harusi ya saa sita ni gigabaiti 270. Anayetunza kumbukumbu za familia anatoshwa na diski mbili kwa kuanzia. Mpiga video wa harusi asinunue kasha lenye nafasi chini ya nne.

Tuanze na umeme. Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2010, kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Hali imekuwa bora sana, lakini umeme bado hukatika, na ukirudi mara nyingine hurudi kwa kusitasita: unawaka, unazima, unawaka tena. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika haipendi mchezo huo. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukishika dukani kiwe adapta, na kasha lenyewe lingoje.

Soma maandishi ya chini yake. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampia 2 kwenye volti 12 kwa sekunde chache; ikishashika mwendo hushuka hadi wati chache tu. Diski nne zikianza kwa pamoja zinataka ampia 8, yaani wati 96. Ukikuta kasha la diski nne lina adapta ya volti 12 na ampia 5, kuna mawili: ama mtengenezaji ameweka akili ya kuziwasha diski moja moja, ama amebana matumizi kwa hasara yako. Utajua kwa sikio. Weka diski nne, washa, sikiliza. Kasha la fundi mwenye kujua kazi yake litatoa mvumo wa kwanza, litanyamaza kidogo, litoe wa pili, wa tatu, hadi wa nne. Kasha bovu litaanzisha zote kwa mkupuo, kisha utasikia diski moja ikigonga tik, tik, ikianza na kuacha kwa sababu umeme haujaifikia wa kutosha. Mlio huo ukiusikia dukani, rudisha mzigo kwa muuzaji hapo hapo.

Adapta zinazoletwa na jamaa kutoka Dubai na Oman huwa hazisumbui: plagi zao ni zile zile za pini tatu za mraba kama zetu. Zinazotoka Marekani zina pini mbili bapa. Zisomwe kwanza kama zimeandikwa volti 100 hadi 240, kisha zitafutiwe kichwa kizuri, si kile chepesi kinachocheza kwenye soketi. Na kichwa cha adapta kinachoingia kwenye kasha kiwe cha kawaida, ili ikiungua upate nyingine Chake Chake au Darajani, Unguja. Kampuni inayojitungia kichwa chake yenyewe imekufunga kwake.

Swichi nayo ina siri. Makasha mengine yana swichi ya kubinya upande mmoja ikabaki pale pale, kwa hiyo umeme ukirudi nayo yanawaka. Mengine yana kitufe laini. Umeme ukikatika yanazimika, na hayarudi mpaka mtu akibonyeze. Waandishi wengi wa nchi ambazo umeme wake haukatiki wanaisifu ile ya kwanza. Kwa nyumba isiyo na UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, mimi nasimama na ya pili. Acha umeme usitesite utakavyo, diski zimelala, na mwenye nyumba ataziwasha mambo yakitulia. Anayehifadhi picha za kamera za ulinzi ndiye mwenye haki ya kutaka kasha linalojirudia lenyewe, na huyo UPS kwake ni lazima.

Kuhusu hewa, Mtambile haiko ufukweni, lakini katika kisiwa kama hiki unyevu na chumvi havikosi njia. Tazama ukingo wa bati pale lilipokatwa, na vichwa vya skrubu. Alumini iliyopakwa rangi vizuri itakaa miaka. Chuma chembamba kilichopakwa juu tu kitaanza kutu kwenye kingo kabla ya masika ya pili. Ndani, chungulia kwa tochi meno ya soketi za diski: yawe yanang'aa rangi ya dhahabu na yamenyooka. Ingiza diski na uitoe mara kadhaa. Inapaswa kuingia kwa ulaini na mwisho wake ikae kwa uthabiti, bila kucheza na bila kulazimishwa.

Feni iwe ya vipimo vya kawaida, milimita 80 kwa mfano, iliyofungwa kwa skrubu nne, inayobadilishwa kwa bisibisi. Iwekwe nyuma ivute hewa, na mbele pawe na matundu ya kuingizia hewa hiyo. Kuna makasha mazuri kwa macho yenye mlango wa kioo usio na tundu hata moja: diski hupikwa mle ndani. Lakini joto lisikutishe kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja, na wakaona kuwa uhusiano wa joto na kufa kwa diski ulikuwa mdogo kuliko ilivyoaminiwa, ila kwa joto la juu sana na kwa diski zilizozeeka. Zikikaa chini ya nyuzi 45 lala usingizi wako. Matundu hayo hayo ya hewa, kwetu, ni mlango wa sisimizi na mijusi. Kipande cha wavu laini mbele, kinachofuliwa vumbi la barabara likijaa, kinatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa ndilo hasa la kumtofautisha mjuzi na mnunuzi wa kawaida.

Makasha mengi yanauzwa kwa sifa ya kuwa na RAID ndani. Fikra hiyo ni ya heshima: mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya gharama, na moja ikifa data ibaki. Kwenye vyumba vya mitambo vyenye umeme wa uhakika na fundi wa zamu, ni jambo jema. Nyumbani, RAID iliyofichwa ndani ya chipu ya kasha ni mtego. Chipu hiyo huzigawa faili zako vipande vipande kwenye diski zote kwa mpangilio inaoujua yenyewe. Siku bodi ya kasha ikiungua kwa radi, diski zako nne ni nzima, hazina hata mkwaruzo, na mara nyingi huwezi kusoma picha hata moja mpaka upate kasha jingine la aina ile ile. Utalipata wapi baada ya miaka sita?

Walioonja jambo hili kwa wingi ni wenye makasha ya Drobo. Yalianza kuuzwa mwaka 2007, yakapendwa mno na wapiga picha, na yalihifadhi data kwa mpangilio wa kampuni peke yake. Mwaka 2022 kampuni iliyoyamiliki, StorCentric, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwaka 2023 ikaingia kwenye kufungwa kabisa. Wenye makasha wakabaki na vyombo visivyo na vipuri wala mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo tafuta kasha linaloziacha diski kila moja ijitegemee, kompyuta ikiziona nne kama nne. Ukitaka diski mbili zifanane, iachie kompyuta kazi hiyo, au programu ya kunakili kila usiku.

Hata kasha lisilo na RAID linaweza kukufunga kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya chipu hubadilisha namna diski inavyohesabu vyumba vyake, na diski iliyojazwa humo ikifungwa kwingine huonekana tupu. Njia ya kulijua hili ni moja na haina gharama. Kabla hujalijaza, weka diski moja, nakili faili chache, zima, ichomoe, uifunge moja kwa moja ndani ya kompyuta ya mezani ya fundi. Faili zikionekana na kufunguka, kasha hilo ni la kweli. Zisipoonekana, bei yake isikudanganye.

Fanya na jaribio la pili ukiwa hapo. Anza kunakili faili kubwa kwenye diski ya kwanza, kisha ingiza diski nyingine kwenye nafasi tupu. Katika makasha ya bei rahisi kiunganishi chote hujizima na kujiwasha, kunakili kukakatika katikati. Katika kasha zuri diski ya kwanza haitasikia kitu. Halafu fungua programu kama CrystalDiskInfo utazame kama afya na joto la kila diski vinaonekana, na kila moja kwa namba yake ya kiwandani. Kasha linalozificha habari hizo linakunyima dalili za maradhi mpaka siku ya kifo. Chipu za JMicron na ASMedia, kampuni za Taiwan, ndizo utakazozikuta mara nyingi, na zote mbili zina matoleo mazuri na mabaya. Ndiyo maana naamini jaribio kuliko jina.

Kasi nitaipita haraka. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 200 na kidogo kwa sekunde, na USB ya gigabiti 5 inapitisha megabaiti 400 na zaidi. Kwa nyumba inatosha. Anayekuuzia ya gigabiti 40 uijaze diski za kuzunguka anakuuzia barabara pana ya gari moja.

Diski zenyewe zina mjadala wake, ila nigusie moja: uliza kama diski inaandika kwa njia zilizopandana, ile inayoitwa SMR. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa za namna hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Kwa kuhifadhi na kusoma tu hazina neno. Kwa kazi ya kuandika upya kila siku huzubaa vibaya.

Na diski mbili ndani ya kasha moja, hata zikifanana kwa kila faili, si usalama kamili. Mwizi hubeba sanduku zima, na radi haichagui nafasi. Mpiga picha Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, na kwa maisha ya kisiwani sijaona kanuni iliyo bora. Nakala ya nje ikae kwa ndugu Wete au Unguja, ibadilishwe kila msimu mtu anapokwenda.

Kwa nyumba ya kawaida ya Mtambile, basi, ushauri wangu ni kasha la alumini la nafasi nne lisilo na RAID ndani, kitufe laini, feni ya kubadilishika, adapta ya ampia 8 yenye kichwa cha kawaida. Ulianze na diski mbili. Pesa ambayo ungeiongeza kwa ajili ya RAID inunue UPS ndogo na diski ya tatu ya kukaa mbali. Na lile jaribio la kuchomoa diski na kuisoma nje ya kasha ulifanye wiki ile ile uliyonunua, muuzaji akiwa bado anakubali kurudishiwa.